Pweza wa Bwana Harusi

Mkutano ulipofika mwisho, maalim alitaka tuape. Ikasomwa Fatiha, na kila mtu wa Mbwajumali aliyewahi kutia mguu mwambani akainua mikono, wanaume walioketi mbele na sisi wanawake tuliokaa nyuma, penye kivuli cha ukuta wa shule. Mamangu peke yake mikono yake ilibaki ndani ya buibui. Hakuwa mgonjwa wala hakusinzia. Alikaa macho makavu, anatafuna tambuu yake taratibu, na kila aliyegeuka alimwona. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi iliyofuata kijiji hakikuwa na jingine la kuniambia.

Mamangu ni mvuvi wa pweza. Ukitaka kugombana naye, mwambie anaokota pweza. "Kinachookotwa ni kuni," atakujibu, na salamu yako hataipokea mpaka Ijumaa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba ulio mbele ya kijiji chetu ukabaki wazi, yeye huvaa viatu vyake vya plastiki, akachukua kikapu na mkonzo wake, akaenda zake. Mkonzo ni fimbo ndefu ya mti mgumu iliyochongwa ncha. Wake aliurithi kwa mamake, pamoja na mashimo.

Ndiyo, mashimo nayo hurithiwa. Pweza ana nyumba yake ndani ya jiwe, na mlangoni hupanga vijiwe na makombe kama mke mpya anayepanga vyombo. Mimi nikipita hapo naona mawe tu. Mamangu anaona mlango, kwa sababu bibi alimwonyesha, na bibi naye alionyeshwa na mamake. Mwanamke wa kwetu atakwambia umri wake, na ukikaa naye sana atakwambia hata siri za mumewe, lakini mashimo yake hakwambii.

Nilikua kwa pweza hao. Sare za shule zilitoka kwao, na chuo cha ualimu pia, mpaka nikarudi kijijini kufundisha watoto wadogo kusoma na kuandika. Mwambani sikwenda. Mama alisema mtu hashiki kalamu na mkonzo kwa mkono mmoja, na mimi, kusema kweli, sikulia kwa kukatazwa. Jua la mwambani ni kali na mawe yake yanakata.

Kisha pweza wakaanza kuwa wadogo. Wanawake walikuwa wakirudi na vikapu vinavyocheza mgongoni kwa wepesi. Wako waliowalaumu vijana wenye miwani ya kuzamia, wanaopindua mawe kwa vyuma. Vijana wakawalaumu wageni wanaokuja na mashua. Na wageni, walipoulizwa, wakazilaumu meli kubwa za mbali. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu, na wa kulaumiwa siku zote alikuwa hayupo. Ukweli ni kwamba sote tulikuwa tunatoa.

Ndipo akaja afisa wa bahari kutoka Amu, mji wa Lamu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, kijana mrefu na mpole, aliyevua viatu kila alipokaribishwa hata kama alipokaribishwa ni mchangani. Alisimama mbele ya kijiji akasema alilotumwa na aliloliamini mwenyewe: mwamba ufungwe. Asiingie mwanamume wala mwanamke, asitoke pweza wala kombe. Mtu mmoja akauliza ufungwe mpaka lini. Akajibu bila kuzungusha maneno, "Moja kwa moja."

Kelele zilizopanda hapo ziliwatoa mbuzi uwanjani. Mvuvi mmoja, jirani yetu, mtu wa sauti, alisimama akamwambia, "Bwana, kasa mumemkataza zamani, kabisa kabisa. Sasa mwenye kumla humla mlango umefungwa. Zamani kasa alikuwa na wenyewe. Yeo ana wezi tu. Mwamba nao mwataka uwe hivyo?"

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, ni kweli. Lakini kasa bado wapo."

Jibu la hilo mpaka leo ninalitafuta. Akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo, kutuambia kwamba kwao mlimani kulikuwa na msitu. Babu zake waliambiwa wakate kidogo kidogo, wapumzike, wakate tena. "Hiyo kidogo kidogo ndiyo iliumaliza," akasema. "Hakuna mtu alikuwa mbaya. Kila mtu alikata kidogo. Mimi sijawahi kuuona huo msitu, nimeonyeshwa tu mahali ulipokuwa."

Nilimpenda kwa maneno hayo, na hapo hapo nikasimama kumpinga. Sijui niliupata wapi ujasiri. Labda ni mazoea ya kusema mbele ya watoto; ukizoea kunyamazisha watoto arobaini, wazee hawakutishi. Nikasema kwamba mwamba ukifungwa milele utakuwa si wetu tena, na mtu halindi kisicho chake. Nikasema tuufunge tangu mwanzo wa mvua mpaka kaskazi ianze kuvuma, pweza wakue, kisha tuufungue, kisha tuufunge tena. Tulikuwa tumesikia wenzetu wa visiwa vingine wamejaribu. Na mtu aliponiuliza kwa kejeli nimejuaje mambo ya pweza mimi mtu wa chaki, nikasema nililolijua.

Nikasema mamangu hatoi pweza katika shimo moja bamvua mbili mfululizo. Shimo likishatoa, hulipita bamvua inayofuata bila hata kuinama, mpaka pweza mwingine ahamie na anenepe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mamake, na hivyo ndivyo alivyopata pweza wakubwa miaka yote hiyo wenzake wakimshangaa. "Akiweza mtu mmoja kupumzisha shimo," nikasema, "kijiji hakiwezi kupumzisha mwamba?"

Watu waligeuka wote kumtazama mama. Nilidhani atafurahi. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka wakati wa swala.

Afisa alifikiri sana, akaongea na wenzake pembeni, akarudi na sharti. Mtajaribu, alisema. Lakini akitolewa pweza hata mmoja kabla ya siku ya kufungua, na aliyemtoa awe yeyote, basi mjue mmenionyesha kwamba hamwezi, na mwamba utafungwa moja kwa moja, na mimi sitawatetea tena. Tukakubali. Tukaapa. Mama hakuapa.

Nyumbani nilipikiwa maneno kabla ya chakula. "Mdomo wako hauna mlango," aliniambia. "Mashimo ya mamangu umeyamwaga mbee ya mui mzima. Hata wanaume! Sasa kila mtoto wa kiume hapano ayua ninavyovua."

"Mama, nimekutaja kwa uzuri."

"Mwizi akikusifu nguo zako, amekwisha kuzivaa," akasema. "Na mimi sikuapa. Kumbuka hilo. Wameapa wao, wenye haja ya kuapa."

Hayo ndiyo yaliyonikosesha raha. Namjua mamangu. Hasemi jambo ili tu liwe limesemwa. Mwamba mzima, wake na wa akina mama wote wa kijiji, ulikuwa umening'inia kwenye mkono mmoja uliokaa ndani ya buibui, na mkono huo ulikuwa wa nyumbani kwangu. Majirani walijua. Nikienda kisimani naulizwa, "Mfungwa wako hajatoroka?" Nikipita dukani mwenye duka ananiambia nifunge mlango vizuri, bamvua inakuja. Nilicheka nao, na moyoni niliogopa kweli kweli.

Mpaka wa sehemu iliyofungwa tuliuwekea nguzo za mikoko, na juu ya kila nguzo tukafunga kitambaa cheupe kionekane kutoka mbali. Hapo tulifanya kosa ambalo watu wa mahali pengine wasingeweza kulifanya. Baada ya wiki chache ilikuja mashua ya wanawake kutoka kijiji kingine, wamejipamba, wamebeba ubani, marashi na sinia ya halua. Walisikia habari za vitambaa vyeupe, wakadhani Mbwajumali pamefunuka mzimu baharini, nao walikuwa na bibi harusi wa zamani asiyepata mtoto. Walikwisha kuinyunyizia marashi nguzo ya kwanza tulipowafikia. Maalim aliposikia karibu apotewe na sauti. Ijumaa ile hotuba nzima ilikuwa juu ya nguzo zetu.

Wapo waliosema tuziache. Watu wakiogopa jini la mwambani, hakuna atakayeiba, na sisi tutalala usingizi. Nilikataa, na ninajivunia kwamba wengi walikataa pamoja nami. Anayeacha kuiba kwa kuogopa jini atarudi siku atakayoambiwa jini limehama. Tukavishusha vitambaa, tukafunga madebe ya buluu ya mafuta ya kupikia, ambayo hayajawahi kumpa mtu mtoto. Halua tuliila.

Katikati ya kufunga kule ikaangukia harusi ya binti yangu. Bwana harusi ni kijana wa Shela, mpishi hotelini, na likizo yake hupatikana msimu wa mvua, hoteli zinapokosa wageni. Hatukuwa na la kuchagua. Kwetu bwana harusi huingia nyumbani kwa bibi harusi, akakaa fungate siku saba, analishwa na kutunzwa. Na kwa nyumba yetu, siku ya tatu, nyanya wa bibi harusi humpikia supu ya pweza. Sababu yake kila mtu mzima anaijua, na mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, sitaieleza. Lakini si supu ya pweza yeyote. Ni pweza aliyetolewa kwa mkono wa nyanya mwenyewe, katika shimo lake mwenyewe. Bibi yangu alimfanyia hivyo mume wangu. Mamangu alikuwa akiitangaza supu hiyo tangu binti yangu yuko shule ya msingi.

Kununua pweza wa kijiji kingine? Nilimtajia mara moja. Alinitazama kama niliyemwambia amwazime mtu mswaki.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua. Niliporudi ndani baada ya kuwapelekea maharusi chai, kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa na nyuma ya mlango mkonzo haukuwepo. Kikapu nacho hakikuwepo. Nilitoka na kanga ya kichwa mkononi.

Ufukweni walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mwenyekiti wa kamati ya mwamba, ambaye ni binamu yangu, alikuwepo, na vijana wawili wa doria, na akina mama waliokwenda kuosha vyombo wakasahau vyombo. Asubuhi kweupe, mbele ya kila mtu, mamangu alikuwa amekwisha kuyapita madebe ya buluu, anatembea mwambani pole pole na mkonzo wake, kama mtu anayekwenda nyumbani kwake. Binamu yangu akanitazama. "Ni mamako," akasema. "Sisi tumeshindwa."

Nikaingia majini na nguo zangu za harusi. Nilijikata mguu, sikujali. Nilipomfikia alikuwa amesimama kando ya jiwe, amenipa mgongo.

"Mama," nikasema, "mkonzo huo umeushika wa nini?"

"Magoti," akajibu bila kugeuka.

Nikatazama. Alikuwa ameugeuza, ncha iko juu, anaegemea upande butu kama bakora. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Umekuja kufanya nini?"

Hakunificha. "Nalikuya kumtoa," akasema. "Inama. Mwangalie."

Niliinama. Kwanza niliona mawe. Kisha jiwe moja likawa na jicho, na nyuma ya jicho mkono mmoja ukajikunja taratibu ukaingia ndani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuonyeshwa shimo la mamangu, na ilibidi nionyeshwe huku kijiji kizima kikitutazama.

"Umemuona?"

"Nimemwona."

"Ni mdogo."

"Si mdogo sana, mama."

"Ni mdogo!" Sauti yake ilifika pwani, nina hakika. "Huyu ndiye nimpeleke mbee ya watu wa Shela? Wakae wateke, meno nje? Waseme nyanya wa bibi harusi, mvuvi wa umri huu, ametoa pweza wa kumezwa kwa tonge moya?" Akamtazama tena yule pweza kwa namna aliyokuwa akinitazama mimi nilipokuwa mtoto na kuleta maksi mbovu. "Mwaache ale. Siku ya kufungua atakuwa mtu mzima."

Sikumwambia kwamba huko ndiko kufunga mwamba. Nilikuwa nimejifunza kuuwekea mdomo mlango. Nilimshika mkono tu, tukarudi, yeye akinung'unika juu ya magoti, mimi nikilia na kucheka na kujificha uso kwa kanga iliyolowa.

Tulipokaribia ufuko aliwaona watu. "Wamesimama nini wale?" akauliza. "Kuna maiti?" Kisha akafahamu. Akaniachia mkono, akanyanyuka vizuri, akakivua kikapu mgongoni, akakipindua mbele ya binamu yangu na kukitikisa. Likaanguka kombe moja kavu ambalo lazima lilikuwamo tangu mwaka uliotangulia.

"Pweza wa bwana harusi yuko mwambani," aliwaambia. "Bado namlisha. Atakayemgusa kabla hajanenepa, amenigombanisha na wakwe zangu."

Akapita katikati yao akaenda kuvua viatu. Nimehudhuria mahafali, nimetunukiwa vyeti, lakini sijawahi kuwa na fahari kama asubuhi ile, nyuma ya mwanamke mfupi mwenye miguu iliyolowa.

Mtihani haukuwa umekwisha. Adhuhuri mamake bwana harusi na dada zake walikuja kutoka nyumba waliyofikia, wamejifukiza udi, kuishuhudia supu. Watu wa Shela wamezoea kukaa na wageni, wana adabu nzuri na ulimi uliotiwa makali. Mamangu alikuwa amepika supu ya kichwa cha changu, nzuri, ya ndimu na pilipili. Mkwe akafunua sufuria, akatazama, akafunika.

"Bi," akasema, "yeo si siku ya tatu? Pweza yu wapi?"

Mama akaweka mikono magotini. "Mwambie mwanao pweza wake yupo," akasema. "Yuko kwake, mwambani, namnenepesha. Sisi hapano tumefunga. Siku tutakayofungua nitamleta Shela mwenyewe, na sufuria hiyo haitamtosha."

Tumefunga, alisema. Si wamefunga. Niliisikia, na nadhani yeye mwenyewe aliisikia.

Mkwe akaifunua tena sufuria, akachungulia. "Mimi sijawahi kuletewa supu ya ahadi," akasema hatimaye.

"Basi umeletewa."

Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Najua mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, na bwana harusi mwenyewe, kule chumbani kwao, alisikika akiuliza kuna nini, akaambiwa anyamaze ale changu.

Maneno yale yalitembea kisiwa chetu chote cha Pate kabla fungate haijakwisha. Kuanzia hapo pweza wote wa mwamba wetu walikuwa wa bwana harusi. Kijana akinyemelea na miwani yake, watoto wangu wa darasani walikuwa wanamwimbia ufukweni, "Wa bwana harusi! Wa bwana harusi!" mpaka anarudi kwa aibu. Wageni wa mashua walipouliza mbona hapavuliwi, walijibiwa kuna harusi haijakwisha. Doria ilikuwapo, na kanuni zilikuwapo zilizobandikwa ukutani. Lakini nakaa kijijini hapa na ninajua kilichoushikilia mwamba. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyekula pweza wa mkwe wa mamangu.

Siku ya kufungua afisa alikuja na wenzake. Wachuuzi wa Langoni, kule Amu, walifika na makasha ya barafu, na ufuko ulikuwa na watu kama Idd. Mama aliamka mapema akavaa viatu vya plastiki, kisha akamwita binti yangu, si mimi. "Wewe kaa pwani," aliniambia. Wakaenda wawili, wameshikana mikono, nikawa nawaona wadogo kule mbali kati ya wanawake wengine. Niliona wanainama. Niliona binti yangu ananyanyua mkonzo, na mama amesimama pembeni hagusi kitu, ananyoosha kidole tu.

Walirudi na pweza ambaye mikono yake ilikuwa inaning'inia nje ya kikapu mpaka kwenye kiuno cha binti yangu. Na hakuwa peke yake wa aina hiyo. Wanawake walikuwa wakirudi wameinama kwa uzito na wanaimba. Afisa alikuwa amevua viatu, anatembea ufukweni anatazama ndani ya vikapu na kucheka kama mtu aliyepewa habari ya mtoto. Alipomfikia mamangu akasimama.

"Mama," akasema, "nitakwambia ukweli. Mimi niliamini mtashindwa."

"Hata mimi," akajibu mama.

Pweza yule alipikwa kwa tui zito, na mama alimpeleka Shela mwenyewe kwa boti, sufuria imefungwa kwa kitambaa, ameishikilia mapajani safari nzima hataki kupokewa. Niliambiwa na binti yangu kwamba alikaa mbele ya mkwe wake, bwana harusi, akamtazama akila, kipande kwa kipande, mpaka chini ya sufuria, bila yeye mwenyewe kuonja. Kisha akauliza, "Ni mdogo?" Mkwe akasema si mdogo. Akaomba maji ya kunawa.

Mkutano wa pili ulifanyika uwanja ule ule wa shule. Afisa hakutudanganya. Alisema ofisini kwao wapo ambao bado wanataka mwamba ufungwe moja kwa moja, na kwamba yeye mwenyewe kuna siku analala upande wao, kwa sababu msitu wa kwao nao kwanza ulistahimili. "Mmeweza mara moja," akasema. "Mara ya kumi sijui." Hakuna aliyemzomea. Nafikiri alisema kweli, na nafikiri ni vizuri awepo mtu wa kutukumbusha. Tukapanga kufunga tena, mvua zikianza.

Maalim akaanza Fatiha. Kabla sijanyanyua mikono yangu, pembeni yangu buibui lilifunguka, na mikono ya mamangu ikatoka, myeusi kwa jua, yenye makovu ya mawe na meno ya pweza, ikapanda juu ya vichwa vyote vya wanawake. Wanaume wa mbele waligeuka. Binamu yangu alisahau kuitikia amina.

Nilimtazama nikashindwa kuficha machozi na kicheko. Aliniona. "Usiniteke," akanong'ona. "Mjukuu wangu ana mimba. Nimehesabu. Siku ya kufungua itaangukia karibu na arobaini ya mtoto."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na pweza wa arobaini yake alitosha nyumba tatu. Mama siku hizi magoti yamemkatalia, anaishia kwenye mchanga, anakaa hapo na kutoa amri. Mkonzo haupo tena nyuma ya mlango wetu. Uko kwa binti yangu, pamoja na mashimo yote, ambayo ameonyeshwa moja moja, bamvua kwa bamvua. Nilimuuliza mama mbona mimi aliniruka, mwanawe wa kumzaa. Akasema najua sababu.

Najua. Na nimekaa hapa nikaandika mengi, ya mama, ya harusi, ya halua tuliyoila. Lakini lile jiwe nililoinamia asubuhi ile, liko upande gani wa mwamba na linatambuliwa kwa alama gani, hilo nimeliona kwa macho yangu na siliandiki.